Jogoo Chini ya Kawa

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama nyuma ya jiko langu, kisu mkononi, jogoo hana kichwa, na gari la wageni linapiga honi mlangoni.

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki jana lilifungiwa mandazi kabla hawajalisoma, narudia kidogo.

Mimi ni Viktoria, Mama Draku, mzaliwa wa Aroi niliyeolewa Koboko. Mume wangu anaendesha lori la kwenda Juba, na kila ninapopatwa na mkosi yeye huwa njiani. Ndugu wa ushirika wetu wa kanisa walikuwa wamenipa kazi ya kupokea wageni, wanaushirika wenzetu kutoka Arua, ambao mpaka siku hiyo tulikuwa tumesikia sauti zao kwenye simu tu. Walinipa kwa moyo mzito. Mwaka jana nilitia sukari kwenye mchuzi wa mbuzi nikidhani ni chumvi, na mchungaji aliyekuwa mgeni rasmi alikula mpaka mwisho huku akisema "Asante Yesu" na machozi yanamlengalenga.

Safari hii nilijipanga. Alfajiri alikuja Abdunoor, yule mwenye bucha, kunichinjia. Koboko ndivyo tulivyo. Mkristo akiwa na karamu, kisu anashika Mwislamu, ili jirani yeyote atakayepita akae ale bila kuuliza maswali. Abdunoor alichinja mbuzi wawili na kuku wanne. Jogoo alimponyoka, akarukia juu ya bati, akakaa huko akitutukana kwa lugha yake. Abdunoor alingoja akachoka, akaenda kufungua bucha.

Jogoo hakushuka mpaka wageni walipokaribia kufika. Nikafikiri haraka. Huyu ni wa mgeni mkubwa peke yake, na mgeni mkubwa ni Mkristo mwenzangu. Kuna ubaya gani? Nikamaliza kazi mwenyewe.

Sasa msisahau upande wa pili wa ua. Huko anakaa Kaltumu, Mnubi, Mwislamu, mjane, shoga yangu wa miaka mingi. Ua ule wa matete tuliusimamisha baada ya mbuzi wake kula gauni langu la kwaya, mkasa niliowasimulia mwezi jana. Siku hiyohiyo naye alikuwa anangoja wageni kutoka Arua, wakwe wanaokuja kumposa binti yake, Sumayah.

Sumayah ni mwalimu wa watoto wadogo. Nilimbeba mgongoni wakati mama yake amelazwa, na mpaka leo akiwa na neno zito huja kwangu kwanza. Alikuwa amempenda Lukumani, fundi wa umeme wa jua kule Arua. Lakini ami yake, Mzee Asuman wa Midia, ambaye ndiye msemaji wa ukoo tangu baba wa Sumayah afariki, alikuwa na mtu wake mwenyewe, mfanyabiashara wa mpakani mwenye ndevu nyeupe na wake wawili. Mzee Asuman alikuwa ameshatamka mbele ya wote.

"Watu ya Arua wakuje leo, nitasikia. Lakini nikiona kosa moja tu ya adabu, maneno imekwisha. Mutoto nakwenda kwa rafiki yangu."

Asubuhi Sumayah alipenyeza pua kwenye matete. "Mama Draku, uniombee."

"Leo iko na sufuria sita kwa moto," nikamwambia. "Lakini nitaomba nikikata vitunguu. Kama nalia, ujue ni wewe."

Akacheka. Ndipo ikaja habari ya jogoo, na ndipo ikalia ile honi.

Niliwaachia dada zangu wa ushirika jogoo wamnyonyoe na kumpika, nikanawa mikono mbio, nikafunga kitenge kipya juu ya kile chenye damu, nikatoka. Mzee Lokule, kiongozi wa ushirika wetu, alikuwa tayari langoni. Ni mtu mrefu na mpole, lakini kwenye mambo ya adabu hupati pa kupita.

Wakashuka. Wanaume walikuwa wamevaa kanzu nyeupe zilizopigwa pasi zikasimama, wanawake wamejitanda vichwa vizuri. Mbele yao mzee mmoja mwenye fimbo nyeusi na uso wa upole.

"Salaam aleikum," akasema.

"Aleikum salaam," tukajibu wote. Koboko hata katekista hujibu hivyo, kwa hiyo sikushtuka. Kanzu nazo hazikunishtua. Nilijiambia, watu wa Arua wanapenda kupendeza.

Nikamvuta Mzee Lokule pembeni. "Ndugu, tuulize majina? Nimwandalie mchungaji wao kiti yake."

Akanitazama kama nimemtemea mate. "Mama Draku. Mutu ametoka njia, tumbo yake iko wazi, wewe nauliza jina? Mgeni nakula kwanza. Jina hakuna nakimbia."

Huo ndio utaratibu wa hapa, na wala si wa Wakakwa, wenyeji wa Koboko, peke yao. Hata kwetu Aroi, ukimuuliza mgeni anakotoka na anachotaka kabla hajanawa mikono, watu husema mama yako hakukulea.

Basi nikapiga magoti na birika, nikawanawisha mmoja mmoja. Nikaleta enyasa, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, umekaa kwenye bakuli laini kama shavu la mtoto. Nikaleta mbuzi. Nikaleta osubi, majani ya kunde yaliyopikwa na simsim. Mzee Lokule akasimama akaomba, na Mzee Lokule akiomba chakula kinapoa. Yule mgeni mkubwa alikaa muda wote amefungua viganja vyake juu, macho chini, na mwisho akavipitisha usoni.

Nikasema moyoni, huyu ndugu ana upako.

Walikula. Jamani, walikula. Mwanamke mmoja aliomba aongezewe osubi, nami nikasikia raha mpaka nikataka kumkumbatia na mwiko mkononi. Upande wa pili wa ua nilisikia pambio linaimbwa na gitaa linapigwa. Nikajiambia, hata Wanubi siku hizi wanaiga nyimbo zetu, na nikaendelea kupakua.

Ndipo nikamleta jogoo.

Nilimweka kwenye sinia peke yake, mzima, firigisi imelazwa juu kifuani kama tunavyomwekea mkubwa. Nikamfunika kwa kawa, kile kifuniko cha rangirangi ambacho Kaltumu alinisukia kwa mkono wake, kwa sababu siku ya wageni mtu hutoa kilicho kizuri. Nikapiga magoti, nikamsogezea mzee.

Akainua kawa. Akatabasamu. Akafunika tena, akalisukuma sinia pembeni kidogo.

Nikarudi jikoni. Nikachovya kidole kwenye mchuzi uliobaki. Chumvi, sio sukari. Nikachovya tena. Chumvi. Nikamwonjesha paka, paka akalamba.

Nikarudi, nikalisogeza sinia mbele yake. "Baba, kuku."

"Nimeiona, mama. Asante sana." Akalisukuma tena.

Msomaji, umewahi kukataliwa jogoo mbele ya ushirika mzima? Dada zangu walikuwa wananitazama, na najua walichokuwa wanakumbuka. Mzee Lokule alikuwa ameanza kukohoa ili awaombe wageni wasimame watoe ushuhuda. Sikuweza kungoja. Heshima yangu yote ilikuwa chini ya kifuniko kile.

"Baba," nikasema, "nimekosea nini?"

Mzee akacheka, kicheko kizuri cha mtu aliyeshiba.

"Mama, mikono yako iko tamu sana. Lakini sisi kwetu, mutu amekuja kutafuta mutoto, hakuna nagusa kuku kabla ya maneno. Kuku nangoja. Maneno ikikubalika, ndiyo tunakula kwa furaha."

"Mutoto gani?"

"Mutoto yenu. Sumayah." Akasimama, akaegemea fimbo yake. "Mimi ni Haji Sulemani. Lukumani ni mutoto ya ndugu yangu. Nyinyi mumetupokea kama wafalme, sasa tunaomba kusema."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Mzee Lokule akaacha kukohoa.

"Haji," akasema taratibu, "lakini mimi niliomba kwa jina ya Yesu."

"Nilisikia. Nikafikiri nyinyi ni wajomba ya mutoto." Haji hakuona ajabu yoyote. "Mama ya Lukumani mwenyewe ni Mukristo ya Aroi. Kwa nyumba yangu iko katekista na iko sheikh, na siku ya Idi wote wawili nagombania kichwa ya mbuzi. Nimuulize mutu dini yake na mimi iko nakula enyasa yake?"

Hapohapo matete ya ua yakaachana na uso wa Kaltumu ukatokea katikati, wanja umemtiririka mpaka mashavuni.

"Mama Draku, mimi nimekufa."

"Mama Sumayah, ngoja..."

"Wamekula pilau. Wamekula mukate ya gurusa na asali. Wameimba, wameshika mukono yangu, wamebariki mulango na wamebariki kisima. Sasa wanaondoka. Hakuna mutu amesema neno moja ya Sumayah. Shemeji Asuman nasema wameona mutoto na wamekataa."

"Waliimba?"

"Waliimba, na gitaa. Nikafikiri ni upande ya mama ya Lukumani, ile ya Aroi."

"Mama Sumayah," nikamwambia, "hao ni wangu. Na wako ninao mimi."

Alinitazama. Akamtazama Haji Sulemani na kanzu yake. Akawatazama wanawake wenye mitandio, mmoja wao bado anatafuna. Kisha akaanza kutoa sauti ambayo kwanza nilidhani ni kilio, kumbe ni kicheko, na kicheko kile kikanipata na mimi. Tulicheka, yeye upande wake na mimi upande wangu, tumeshikilia matete yaleyale mpaka ua mzima ukatikisika. Haji alituangalia kwa subira, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Baadaye tuligundua ilivyokuwa. Magari yote mawili yalifika njia panda karibu wakati mmoja, yote yakawauliza vijana wa bodaboda nyumba yenye hema inayongoja wageni wa Arua. Hema zilikuwa mbili. Ya pili nilimwazima Kaltumu mimi mwenyewe, na viti pia. Na kwa sababu sote ni watu wenye adabu, hakuna aliyemuuliza mwenzake chochote.

Lakini kicheko hakikudumu, maana kutoka upande ule nilisikia sauti ya Mzee Asuman ikiuliza viatu vyake viko wapi.

Tulitoka mbio. Mimi mbele, Haji na watu wake nyuma, Mzee Lokule akihimiza tusikimbie mbele ya wageni. Langoni kwa Kaltumu tukagongana na wageni wangu halisi wakitoka. Kiongozi wao alikuwa kijana anayeitwa Jada, Mkakwa wa ng'ambo ya mpaka aliyehamia Arua, gitaa mgongoni.

"Bwana asifiwe, dada," akaniambia. "Tunatafuta Dada Viktoria, tumuage. Amepika pilau nzuri sana."

"Dada Viktoria ni mimi. Pilau si yangu. Rudi ndani, ndugu, usiniulize."

Akarudi ndani. Ndiyo uzuri wa mtu aliyezoea ushirika, ukimwambia rudi, anarudi.

Kaltumu akaeleza. Akaeleza kwa Kiswahili, akaeleza kwa Kinubi, akaeleza kwa mikono. Wageni wa pande zote wakaanza kucheka na kushikana mikono, na mama mmoja wa kwao Jada akagundua kwamba shangazi wa Lukumani aliuza naye nyanya sokoni Arua. Sumayah alikuwa amesimama mlangoni, shela ya dhahabu kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona meno yake.

Mzee Asuman peke yake hakucheka. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Alimsogelea Haji Sulemani, akamsalimia vizuri, akamuulizia afya, akaulizia barabara. Halafu akauliza, kwa upole kabisa:

"Haji, mumekula?"

Haji angeweza kusema hapana. Lakini mtu aliyehiji Makka hadanganyi. "Tumekula, alhamdulillahi."

"Kwa nani?"

"Kwa jirani."

Mzee Asuman akatabasamu, na sikupenda tabasamu lile. Akawageukia watu wote.

"Mumesikia kwa masikio yenu. Mukwe anakuja kuposa, anakula kwa nyumba ingine kwanza. Kwa desturi yetu, mahali mukwe amekula, hapo ndiyo ameposa. Basi arudi akaoe kule alikula. Mimi nilisema kosa moja. Kosa ndiyo hii." Akaanza kutafuta kiatu cha pili.

Desturi hiyo ipo na kila mtu anaijua. Haji aliinamisha kichwa. Niliona mabega ya Sumayah yanashuka, na mkono wake ukaanza kuvuta shela polepole kuitoa kichwani. Moyo wangu uliuma kama nimefiwa. Mtoto niliyembeba mgongoni alikuwa anapoteza mchumba kwa ajili ya osubi yangu.

Sijui nani alinipa maneno. Mzee Lokule anasema ni Roho. Kaltumu anasema ni ukaidi wa watu wa Aroi.

"Mzee Asuman," nikasema, nikapiga magoti kwanza ili asipate kosa jingine, "nyumba ingine iko wapi?"

"Yako hiyo, mama."

"Yangu? Mbuzi ya Mama Sumayah nalala kwa veranda yangu. Kuku yangu nataga jikoni yake. Hema zote mbili ni yangu. Kawa nafunika chakula kwangu, huyu ndiyo alisuka. Na Sumayah nimebeba na mugongo hii. Sasa nyumba ingine iko wapi?"

"Iko na ua katikati."

"Ua?" Nikainuka. "Ua gani?"

Nikaenda kwenye matete, nikakumbatia fungu zima, nikavuta. Halikutoka. Nikavuta tena, nikaanguka nalo chali, kitenge kipya kikafunguka na kile chenye damu kikaonekana. Kaltumu akapiga kigelegele, akashika fungu la pili.

Sikutarajia kilichofuata. Haji Sulemani alimpa mtu fimbo yake, akapandisha kanzu mpaka magotini, akashika tete. Jada akatua gitaa. Mzee Lokule, mwenye adabu kuliko wote, akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, halafu akaingia kwenye ua ule kama ng'ombe anavyoingia kwenye shamba la mahindi. Wanaushirika wakaanzisha pambio la mavuno. Wanawake wa Haji hawakuyajua maneno, lakini makofi waliyajua. Vumbi likapanda, kuku wakakimbia, mbuzi aliyekula gauni langu akaanza kula na ua. Katika maisha yangu ya mikosi sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Vumbi lilipotulia palikuwa na uwanja mmoja mpana, hema mbili zinatazamana, na watu wamechafuka hata huwezi kujua nani amekuja kwa nani.

"Haya, Mzee," nikasema nikihema, nimekaa katikati ya matete. "Mukwe amekula nyumbani. Kosa iko wapi?"

Mzee Asuman aliutazama uwanja. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Yule si mtu mjinga, na nadhani kidogo alitaka kucheka. Akavaa kiatu chake cha pili.

"Sawa," akasema. "Nyumba ni moja. Mama Draku amesema, na mimi nakubali."

Kaltumu akafungua mdomo kupiga kigelegele.

"Ngoja, shemeji. Kama nyumba ni moja, mukubwa ya nyumba hii yote ni nani?"

Tukatazamana. Kwa desturi ileile hapakuwa na jibu jingine.

"Ni wewe, Mzee," akasema Haji Sulemani.

"Ni mimi." Akavuka pale palipokuwa na ua, akatembea polepole mpaka chini ya hema yangu, akakaa kwenye kiti alichokuwa amekaa Haji. "Basi nitakula chakula ya mukubwa kwa nyumba yangu. Nikimaliza, nitasikia maneno ya Haji, na nitasikia kwa moyo safi. Naapa mbele yenu. Kuku ya mukubwa iko wapi?"

"Iko hapa, Mzee," akasema Mzee Lokule, amefurahi kuweza kusaidia. "Iko chini ya kawa. Hakuna mutu amegusa."

Ndipo nikakumbuka.

Mnakumbuka ni nani aliyemchinja jogoo yule. Mimi nilikuwa nimesahau. Katika kelele zote zile, kati ya kicheko na ua, nilikuwa nimemsahau kabisa.

"Mzee, imepoa," nikaita. "Ngoja nikuletee ingine. Iko kuku nne, iko mbuzi..."

"Iliyopoa ndiyo tamu."

Nikataka kuinuka nimkimbilie, lakini mguu wangu ulikuwa umenaswa kwenye kamba ya matete. Nikavuta, ikakaza. Nikaruka kwa mguu mmoja mpaka mezani, nikikokota kipande cha ua nyuma yangu, watu wakidhani bado ni furaha, wakinipigia makofi. Nilipofika, kawa ilikuwa imeshafunuliwa na firigisi haikuwepo tena kifuani kwa jogoo. Ilikuwa shavuni kwa Mzee Asuman.

Akafumba macho. Akatafuna mara moja, akatikisa kichwa kwa utamu.

"Mama Draku," akasema, mdomo umejaa, "watu nasema wewe hujui kupika. Ni waongo."

Ndipo lango likafunguka, akaingia Abdunoor. Alikuwa ametoka kuswali adhuhuri, kofia kichwani, kisu chake kimezungushiwa kitambaa kwapani. Akashangaa kuona ua haupo, akasalimia watu wote, kisha akainua macho juu ya bati langu akitafuta kitu.

"Mama Draku, samahani nimechelewa," akasema. "Nimerudi na kisu. Yule jogoo alishuka?"

Kila mtu akatazama juu ya bati. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakatazama sinia.

Taya la Mzee Asuman lilisimama. Firigisi ilibaki shavuni, imevimba upande mmoja.

"Alishuka," nikasema.

"Nani alimuchinja?" Mzee Asuman aliuliza bila kutafuna, taratibu, kila neno likizunguka firigisi ile.

Nikatafuta uongo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikutosha hata kutoka pale mezani mpaka jikoni. Nikisema ni Abdunoor, Abdunoor mwenyewe amesimama pale. Nikisema sijui, damu iko kwenye kitenge changu. Na nikisema kweli, mzee huyu atatema, atainuka na viatu vyake vyote viwili, na hakuna ua mwingine wa kung'oa Koboko nzima. Sumayah alikuwa nyuma yake, ameshika mkono wa mama yake, shela imerudi kichwani.

"Msiwe na wasiwasi," Mzee Lokule akawaambia wageni, kwa fahari kubwa, akiweka mkono begani kwangu. "Muulizeni Mama Draku. Huyu dada yetu natembea kwa nuru. Hata mambo yake ya sukari alileta mwenyewe mbele ya ushirika. Hawezi kudanganya mutu."

Haji Sulemani akaniangalia kwa macho yale ya upole. Jada akaacha kupangusa gitaa lake.

Nikapiga magoti kwenye vumbi, kipande cha ua bado kimenifunga mguuni.

"Mzee," nikasema, "ile kisu ilikuwa yangu."

Mzee Asuman akaimeza firigisi.